Mapambo ya Mahafali kwa Daftari Zilizokwisha

Mtihani wa darasa la saba ukikaribia, mwezi wa Septemba, nyumba nyingi za Kinole, kwenye milima ya Uluguru, huwa na rundo la daftari zilizojaa ambalo halina kazi tena. Baadhi humfikia muuza karanga akazikunja koni, baadhi hufungia maandazi, zilizobaki huwashia moto. Siku hizo hizo kamati ya mahafali imekaa inapiga hesabu ya michango, na mapambo ndiyo ya kwanza kufyekwa kwenye bajeti. Fedha ikipatikana, mtu hutumwa Morogoro mjini alete puto na nyuzi za plastiki zinazometameta, zitundikwe asubuhi na jioni zitupwe.

Ninaiandikia kamati hiyo, na mzazi yeyote mwenye ubarikio, maulidi au harusi ya nyumbani. Rai yangu ni kwamba daftari za wanaohitimu ndizo zipambe mahafali yao, tena maandishi yaachwe yaonekane. Watu wengi wakipamba kwa karatasi za mabaki hukimbilia kuzificha: wanazipaka rangi, wanabandika nyingine nyeupe juu yake, wanajitahidi zifanane na za dukani. Kazi inakuwa mara mbili na matokeo yanakuwa nusu. Ukurasa uliojaa mwandiko wa mtoto, ukiutazama kwa mbali, unatoa rangi ya kijivu na bluu iliyotulia, na mamia ya kurasa hizo zikiwa pamoja zinapendeza kuliko puto. Ukisogea karibu unaona mgawanyo wa namba ndefu, ramani ya Tanzania iliyochorwa kwa penseli, insha ya "Shule Yetu". Mzazi aliyenunua daftari hizo moja moja kwa miaka saba atasimama pale asome.

Kuna pia sababu ya maji. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini puto na nyuzi za kumeta zinaendelea kuuzwa, na baada ya sherehe huchukuliwa na mvua mpaka kwenye vijito. Vijito vya Uluguru vinaingia Mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha Kibaha na Dar es Salaam kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Kipande cha puto kilichoachwa uwanjani huku kina safari ndefu mbele yake.

Omba ruhusa kwanza

Daftari ikijaa haiachi kuwa ya mwenyewe, na wapo watoto wanaotaka kuzitunza za kwao hadi sekondari. Mwalimu wa darasa atangaze mapema, wiki tatu au nne kabla, kila anayehitimu alete daftari mbili anazokubali zikatwe. Zikishafika, watu wazima wawili wazipitie kabla mkasi haujagusa kitu. Kurasa zenye alama mbaya zitolewe. Hakuna mtoto anayestahili kuona sifuri yake ikining'inia juu ya meza ya mgeni rasmi. Zitolewe pia barua za shule kwa mzazi, karatasi za kliniki zilizochomekwa humo kwa bahati mbaya, na chochote chenye namba ya simu.

Daftari za madrasa zitengwe kabisa. Ukurasa wenye aya za Kurani haukatwi wala hauning'inizwi mahali ambapo unaweza kudondoka ukakanyagwa. Mpelekee ustadhi, yeye anajua namna ya kuuhifadhi. Kurasa za sala na za katekisimu nazo zirudi kwa wenyewe. Na ukitumia kalenda za zamani zenye picha za watu, mkasi upite pembeni, usipite usoni.

Hapo ndipo unafungua stepla. Daftari ya kawaida ya shule ya msingi imefungwa katikati kwa vipini viwili. Ving'oe kwa ncha ya kisu butu, uviweke kwenye kopo, kwa maana watoto watakuwa wanapita hapo miguu mitupu. Vikitoka, unapata karatasi pana zenye mkunjo katikati, kila moja ina takriban sentimita 32 kwa 20. Daftari ya kurasa 80 inatoa karatasi pana 20. Shika namba hiyo, maana hesabu yote ya vifaa inaanzia hapo.

Mbali na daftari, karatasi inayofaa kuliko zote ni kaki. Mfuko wa kaki, bahasha kubwa za ofisini, na magunia ya karatasi ya saruji ni ndugu: yote yametengenezwa kwa nyuzi ndefu za miti laini kama misindano, zilizopikwa mpaka sehemu kubwa ya gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi hizo imetoka. Ndiyo maana kaki haikatiki kirahisi na haigeuki njano haraka. Kiwanda cha Mgololo kule Mufindi, kilichoanza miaka ya 1980, hutengeneza karatasi kutokana na misindano ya Sao Hill. Gunia la saruji likunjuliwe na mtu mzima, nje, amejifunga kitambaa puani, kwa sababu vumbi la saruji linauma macho na kifua. Lina tabaka zaidi ya moja. Chukua lile ambalo saruji haikuligusa. Angalia tu usichanganye na mifuko mbadala ile inayofanana na kitambaa. Hiyo siyo karatasi, ni nyuzi za plastiki zilizobanwa pamoja; gundi ya unga haiishiki.

Gazeti linapatikana kirahisi lakini ni dhaifu. Wino wake unahamia vidoleni na kwenye nguo nyeupe za watoto, na likikaa juani siku mbili linaanza kugeuka njano. Litumie kufanyia mazoezi kabla ya kugusa daftari. Karatasi zinazong'aa za kalenda na majarida zina rangi nzuri, ila zimepakwa udongo laini juu, hivyo zikikunjwa zinapasuka mstari mweupe. Zikatwe viduara tu, vya kubandika katikati ya maua.

Jambo moja zaidi kuhusu karatasi, nalo ndilo linalotenganisha kazi safi na kazi ya kubahatisha. Karatasi ya kiwandani ina mwelekeo: nyuzi zake nyingi zimelala upande mmoja, ule ambao mashine ilikuwa inaivutia. Chana kipande cha gazeti kutoka juu kwenda chini, kisha kingine kutoka kushoto kwenda kulia. Upande mmoja unachanika karibu mstari ulionyooka, wa pili unakwenda kombo. Ule ulionyooka ndio mwelekeo wa nyuzi. Kunja ukifuata mwelekeo huo, mkunjo utakuwa mkali na utabaki. Kunja ukiukata, karatasi itabisha na kujifungua yenyewe.

Unyevu

Mapambo ya karatasi yanayoelezwa vitabuni yameandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi mahali pakavu. Kinole ipo kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, upande unaopokea pepo za Bahari ya Hindi zikiwa bado zimebeba maji yake. Ndiyo sababu ya karafuu, iliki, pilipili manga, mdalasini na migomba inayofunika vilima. Ndiyo pia sababu ya karatasi kulegea. Hata miezi ya Agosti na Septemba, wakati Morogoro mjini vumbi linatimka, huku kwetu ukungu unaweza kushuka usiku ukakaa mpaka saa tatu asubuhi.

Karatasi hunywa maji kutoka hewani bila mvua kunyesha. Nyuzi zake hunenepa, karatasi inapanuka kidogo, mikunjo inafunguka, ua lililokuwa limesimama jana jioni asubuhi limeinamisha kichwa. Hakuna gundi inayotibu hilo. Linatibiwa kwa utaratibu wa kazi.

Kausha karatasi kabla ya kuikata. Kama nyumbani mnahifadhi mahindi ya mbegu darini juu ya jiko, mahali hapo ndipo pakavu kuliko pote. Weka karatasi huko siku mbili zikiwa ndani ya mfuko wa kaki ili masizi yasizifikie. Kata na kunja mchana, kati ya saa tano na saa kumi, wakati hewa ni kavu. Kila kinachokamilika kiingie mara moja kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana au sanduku la bati, maua yakiwa yamefungwa, hayajakunjuliwa. Ua likikaa limefungwa kwa uzi, mikunjo inabanwa pamoja na unyevu hauna pa kuingilia. Likunjuliwe siku yenyewe, na litundikwe baada ya ukungu kuondoka. Sherehe ikianza saa nne, kamati iwe na watu wanane wa kutundika kuanzia saa tatu. Mkitundika jana yake ili mlale kwa amani, mtaamka na kazi upya.

Bendera za nje zinaweza kusuguliwa kipande cha mshumaa pande zote mbili mpaka karatasi iwe na utelezi kidogo. Nta inazuia ukungu kwa saa kadhaa. Lakini karatasi yenye nta inashika moto kwa kasi, kwa hiyo bendera hizo zikae mbali na jiko la wapishi, koroboi na bomba la moshi la jenereta.

Gundi ya muhogo na karafuu

Gundi ya dukani ni nzuri kwa kuziba ncha ndogo. Kwa kazi nzima ya darasa itamaliza fedha mlizookoa, na hakuna haja. Unga wa muhogo ulio safi, uliochekechwa, unatosha: vijiko vitatu vya chakula kwa kikombe kimoja cha maji cha robo lita.

Anza na maji. Yachemshe na punje kumi hivi za karafuu kwa dakika tano, halafu yachuje, yaache yapoe kabisa. Mafuta ya karafuu hupunguza kasi ya ukungu mweupe unaoota juu ya gundi ya unga, na huku kwetu gundi isiyo na kitu huota haraka. Koroga unga kwenye maji hayo yakiwa baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo utie motoni, moto mdogo, mwiko usitulie. Mwanzo utaona maziwa meupe. Ghafla yatakuwa mazito na kuanza kupitisha mwanga. Endelea kukoroga dakika mbili zaidi kisha ipua. Ikipoa iwe nzito kama uji wa mgonjwa, inayoshika mwiko bila kudondoka haraka. Inakaa siku mbili, pengine tatu. Ikinuka uchachu, mwaga upike nyingine.

Ipake kwa kidole au kwa njiti iliyochanwa ncha, safu nyembamba sana. Kosa la kawaida ni kupaka nyingi ukidhani itashika zaidi. Gundi nyingi ni maji mengi, na maji hayo yote yanaingia kwenye karatasi uliyohangaika kuikausha.

Mnyororo

Huu wape watoto wa darasa la tatu na la nne. Karatasi pana ikate kwenye mkunjo wake upate mbili za sentimita 16 kwa 20. Kila moja inatoa vipande vitano vya upana wa sentimita tatu. Kipande kinazungushwa pete, ncha zinapandana sentimita mbili, kinachofuata kinapita ndani yake. Mnyororo ukining'inia, kila pete inachukua karibu sentimita saba. Daftari moja ya kurasa 80 inatoa vipande 200, yaani mita 14 za mnyororo. Chumba cha darasa cha mita tisa kwa saba kinataka mita 32 kuuzunguka ukuta, ongeza mbili za kulegea kila upande ili upinde uonekane. Daftari tatu zinamaliza.

Pete zote ziwe za ukubwa mmoja. Mtoto mmoja akate, wengine wabandike, na kila mita mbili mnyororo ufungiwe uzi wa katani unaopita ndani ya pete. Uzi huo ndio unaobeba uzito.

Ua la mikunjo

Hapa ndipo penye uzuri wote, na hapa ndipo ningeweka nguvu ya kamati. Ua la mikunjo ni karatasi ndefu iliyokunjwa mbele na nyuma kama feni, ikafungwa uzi kiunoni, halafu pande mbili zikafunguliwa zikakutana duara.

Watu wengi hulijaribu kwa karatasi moja ya A4, linakataa kufunga duara, wanaacha. Tatizo ni kipimo. A4 ina milimita 210 kwa 297. Ukiikunja mikunjo inayolala upande wa 210, kila nusu ya ua inatakiwa ifunguke nusu duara yenye ukingo wa milimita 330 hivi, na karatasi uliyo nayo ni 297. Haitoshi hata kama haina mkunjo mmoja, sembuse ikiwa na mikunjo 15. Kanuni ya kushika ni hii: urefu unaokunjwa uwe karibu mara tatu ya upana. Ikate A4 katikati kwa urefu wake na utapata maua mawili yanayofunga vizuri, kila moja sentimita kumi na nusu.

Kwa daftari mambo ni mepesi zaidi. Karatasi pana ya 32 kwa 20 ikikatwa kwa urefu inatoa mikanda miwili ya 32 kwa 10, yaani maua mawili madogo. Kwa ua kubwa la sentimita 20, unganisha karatasi pana mbili ncha kwa ncha, zikipandana sentimita moja. Daftari moja basi ni maua madogo 40, au makubwa 10.

Kunja mikunjo ya sentimita mbili kwa ua kubwa, moja na nusu kwa dogo. Kila mkunjo uusugue kwa ukucha au kwa mgongo wa kijiko. Mkunjo wa mwanzo ndio unaoongoza wote, kwa hiyo upime kwa rula pande zote mbili, usiukadirie. Ukimaliza una fimbo bapa ya karatasi. Ibane katikati, ikate ncha zote mbili: ukizikata kwa mshazari ua litakuwa na miiba, ukizikata mviringo litakuwa na petali. Kata zote mbili zielekee upande mmoja wa fimbo, la sivyo nusu moja ya ua itakuwa kinyume cha nyingine. Tia alama ndogo ya penseli katikati kabisa, funga uzi hapo mara tatu, kaza mpaka kiuno kiingie ndani. Kisha rudisha kwenye ndoo, usifungue.

Siku yenyewe unafungua upande mmoja kama feni, unapaka gundi kwenye mikunjo miwili inayokutana, unabana kwa vibanio vya nguo kwa dakika chache. Stepla inafaa zaidi kama ipo, maana haina maji. Nyuma ya kiuno bandika duara la kaki la sentimita sita ili ua lisiruke na kufunga tena. Mbele bandika duara jeupe, na hapo, kwa kalamu ya wino mzito, andika jina la mhitimu.

Kila anayehitimu apate ua moja kubwa, limetengenezwa kwa daftari yake mwenyewe. Mengine yote yanaweza kupungua kama muda hautoshi. Maua hayo yapangwe nyuma ya meza kuu juu ya mkeka au kitenge cha rangi moja iliyokoza. Kitenge chenye maua mengi kitayameza. Yapande kutoka pembe ya chini kwenda juu, makubwa yakigusana, madogo ya kaki yakijaza mapengo. Msiyatawanye moja hapa moja pale. Mtu aliyekaa mstari wa mwisho, mita kumi na zaidi, haoni kitu kidogo kilicho peke yake. Anaona kundi. Mwisho wa sherehe kila mtoto anafungua lake anakwenda nalo nyumbani.

Bendera na nakshi

Kwa uwanjani, bendera za pembetatu. Karatasi pana ya daftari tayari ina mkunjo katikati, na mkunjo huo ndio unaokaa juu ya uzi. Ikiwa bado imekunjwa, kata mistari miwili: kutoka kila ncha ya mkunjo kwenda katikati ya ukingo ulio mkabala nao. Ukiifungua ina pembe nne. Ukiirudisha juu ya uzi na kubandika ndani unapata bendera ya tabaka mbili yenye upana wa sentimita 20, iliyo ngumu kiasi cha kustahimili upepo. Acha sentimita tano kati ya moja na nyingine, na mita kumi za uzi zitataka bendera 40, sawa na daftari mbili. Changanya na za kaki, tatu za daftari kwa moja ya kaki, upate mpigo unaoonekana kwa mbali.

Nakshi za kukata, zile za kukunja karatasi mara nyingi na kutoa vitundu, ni nzuri mahali pamoja tu: dirishani, ambapo mwanga unatoka nyuma. Wameksiko wameifanya sanaa ya taifa. Wanapanga karatasi nyingi laini kwa pamoja, wanazitoboa kwa patasi na nyundo, kisha wanazitundika juu ya barabara nzima wakati wa kuwakumbuka marehemu wao mwanzoni mwa Novemba. Kwetu mkasi unatosha, karatasi moja kwa wakati. Kunja mara tatu, si zaidi. Ukizidisha mkasi unang'ata na kuvuta.

Rangi kutoka sokoni

Nimesema maandishi yaachwe yaonekane, na bado nasema hivyo. Lakini kidogo cha rangi kinaweza kuingia bila kuyafuta. Binzari ya manjano inatoa rangi inayopitisha mwandiko wa kalamu. Chemsha vijiko viwili kwenye nusu lita ya maji, chuja kwa kitambaa, uache ipoe. Usiloweke karatasi, ipake kwa pamba au kitambaa kilichokamuliwa, ianike kivulini juu ya kamba. Jaribu kwanza kipande kimoja, kwa kuwa mistari ya baadhi ya daftari inakimbia ikiguswa na maji.

Karatasi hiyo ya manjano ikikauka, chukua maji ya majivu ya kuni yaliyotulia, chovya ncha ya njiti, gusa. Papo hapo alama inakuwa nyekundu inayoelekea kahawia. Maji ya majivu ni besi, kinyume cha asidi, na binzari hubadili rangi ikikutana nayo. Mwalimu wa sayansi anaweza kufundisha somo zima hapo, na watoto watachora nukta na mistari mpaka bakuli liishe. Choya inatoa waridi, ikiongezewa limau inakoza wekundu. Rangi zote hizi hufifia juani, kwa hiyo zipakwe wiki ya sherehe na zikae ndani au chini ya turubai.

Binzari na choya zipo Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini, soko lililopewa jina la machifu wa Kinole hii hii, kama huna jirani anayelima.

Kutundika

Lango la sherehe hapa linapambwa kwa migomba, na hakuna sababu ya kuacha. Kijani ndicho kinachoifaa karatasi kuliko ukuta wowote. Ua la kaki kwenye ukuta wa tofali za kuchoma linapotea. Kwenye jani bichi la mgomba linasimama. Simamisha migomba miwili, pinda makuti ya mnazi au matawi ya mchikichi juu upate tao, kisha funga maua kwa kamba ya mgomba mkavu katika makundi matatu: moja kubwa juu, mawili mabegani. Acha majani mengine yapumue. Kiuno cha ua kisikae juu ya jani lililotoka kukatwa kabla halijafutwa maji, na utomvu wa mgomba usiguse karatasi wala nguo, doa lake halitoki.

Ndani, kamba ya katani ivutwe kwanza, ikazwe, ndipo mnyororo ufungwe juu yake. Msipigilie misumari kwenye ukuta wa shule bila kuuliza. Balbu ziwe umbali wa mkono mzima kutoka kwenye karatasi yoyote, hata zile zisizochemka, kwa sababu nyaya za sherehe ni za kuunga na cheche hutokea kwenye maungio. Ndoo ya maji ikae mlangoni.

Mtu mmoja akae kwenye kiti cha mgeni rasmi na mwingine mstari wa mwisho wa wazazi kabla wageni hawajafika. Waseme wanaona nini. Kama wa nyuma haoni maua yote, sogezeni maua juu kwa kimo cha mtoto, kwa kuwa wahitimu watasimama mbele yake wakati wa risala na kuyafunika.

Baada ya sherehe

Toa kamba kabla ya jioni, ukungu haujashuka. Minyororo na bendera zilizo kavu zikunjwe ndani ya ndoo na mkaa mkavu uliofungwa kwenye kitambaa, zitafaa mahafali ya mwakani au ya chekechea mwezi Desemba. Zilizolowa au kuchanika zichanwe zitupwe kwenye shimo la mbolea chini ya migomba, ila zenye stepla, zinazong'aa na zilizosuguliwa mshumaa zitengwe kwanza. Katani ikunjwe kwenye kijiti, vibanio virudi kwa wenyewe, na mikasi ihesabiwe mbele ya mwalimu kabla watoto hawajatawanyika.